Arudi, Asirudi: Jumapili za Televisheni kwa Babu

Enzi zetu hakuna mtu aliyeangalia picha peke yake. Picha ililiwa kama muthokoi wa mahindi na maharagwe siku ya sherehe, wengi kwenye sinia moja, na kila mtu ana la kusema kuhusu chumvi.

Kama ulikulia Ukambani miaka ya themanini, utanielewa. Kijijini kwetu, huku juu Kilungu, televisheni ilikuwa moja tu, ya Babu, aliyemzaa baba yangu. Ilikuwa ndogo, ya nyeusi na nyeupe, ikikaa ndani ya kabati lenye vilango viwili, na juu yake Susu, yaani nyanya yetu, alitandika kitambaa alichokifuma mwenyewe kana kwamba anamfunika mtoto. Iliendeshwa kwa betri ya gari. Betri ikiisha nguvu ilipandishwa punda ikateremshwa sokoni kuchajiwa, na wiki hiyo yote tukawa watu wa kawaida tena. Antena ilifungwa kwenye mlingoti wa mkaratusi nyuma ya nyumba, na lazima mtu asimame pale akiuzungusha huku sisi wa ndani tukipiga kelele: "Hapo! Hapo! Aii, umepitisha!" Hata hivyo tulijivuna. Sisi wa milimani tulipata sura za watu. Binamu zetu wa Kathonzweni, kule chini tambarare, walikuwa na televisheni pia, lakini wao waliangalia vumbi jeupe linaloongea.

Kaka zangu walikuwa na dini yao nyingine, video ya njia panda, chini kwenye barabara ya Mombasa. Chumba kimoja nyuma ya duka la mbao, blanketi madirishani, jenereta inanguruma kuliko sinema yenyewe. Huko ilikuwa mateke mwanzo hadi mwisho, na sheria moja tu: stelingi, yaani shujaa wa sinema, hafi. Kioko, kaka yangu mkubwa, alikuwa akirudi anatusimulia sinema nzima kwa vitendo, na vitendo hivyo vilituachia alama kwenye mbavu. Baba alimwambia, "Mwaka huu utapita mtihani wa mateke."

Lakini dini ya wote ilikuwa Jumapili jioni, jua likiwa bado liko kwenye migomba. Kulikuwa na mchezo wa Kiswahili uliokuja kila wiki, kuhusu mwanamke anaitwa Zaina, aliyemkimbia mumewe Salimu na kurudi kwa wazazi wake. Nyumba ya Babu ilijaa. Wanawake walikuja na viondo vyao, mikono ikisokota na kusuka bila kuangalia, na harufu ya katani ikachanganyika na ya chai ya maziwa na maparachichi yaliyoiva kwenye gunia. Waigizaji waliongea Kiswahili cha pwani, kile cha maji mengi, na Susu hakushika hata nusu. Kioko ndiye aliyemtafsiria kwa Kikamba, na Kioko hakuwa mtu wa kuaminika. Salimu akisema, "Nimekosa, nisamehe," Kioko alitafsiri, "Anauliza chakula kiko wapi." Susu alimchukia Salimu kuliko alivyostahili.

Babu, yeye, alidai hakuangalia. Alinunua televisheni kwa ajili ya taarifa ya habari, alisema, na michezo ni ya watu wasio na shamba. Alikaa mlangoni, mgongo ukitugeukia, akichonga mpini wa jembe. Ila kulipokuwa na kichekesho, mgongo wake ulikuwa wa kwanza kutikisika.

Kipindi kikiisha ndipo mchezo wenyewe ulipoanza. Zaina arudi kwa mumewe au asirudi? Kijiji kilikuwa kimegawanyika kama wakati wa uchaguzi. Susu, pamoja na kumchukia Salimu, alikuwa kiongozi wa arudi. "Nyumba hujengwa kwa kuvumilia," alisema. "Mimi ningehesabu makosa ya huyo mzee wa mlangoni, mngezaliwa nyinyi?" Mama yangu alikuwa wa asirudi, mpaka Salimu aje apige magoti. Mama Mbithe, jirani aliyeongoza akina mama kanisani, alisema Zaina afunge na kuomba kwanza. Ami yangu Mulwa alishangaa kelele zote ni za nini wakati yule mwanamume ana nyumba ya ghorofa. "Mtu anatoka kwa ghorofa anarudi kulala jikoni kwa mamake? Huyo ana akili kweli?"

Mtu mmoja tu hakutoa maoni. Shangazi Ndunge, kitinda mimba wa Babu.

Alikuwa ameolewa upande wa Kitui, na alikuwa amerudi mapema mwaka ule, mtoto mgongoni na sanduku kichwani. Alisema amekuja kusalimia. Msimu wa mahindi ulipita, wa mbaazi ukapita, na bado alikuwa anasalimia. Kifundo chake cha mkono wa kulia hakikukunjika vizuri. Alituambia alianguka mtoni akiteka maji, na hakuna aliyeuliza mto gani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zile. Babu alimpenda yule binti kuliko wanawe wote, lakini baba na binti aliyeolewa hawakuketi wakaongea mambo ya ndoa. Haikuwezekana. Mambo hayo yalipitia kwa nyanya, kwa shangazi wakubwa, yakazunguka hadi yakapoa. Shangazi alisuka kiondo chake taratibu kwa mkono wa kushoto, na mabishano ya Zaina yakianza, alikusanya vikombe akaenda kuviosha.

Jumapili moja, Zaina alitembelewa na jirani. Jirani akamuuliza ile alama iliyo chini ya jicho lake. Zaina akacheka kidogo, akasema, "Niliteleza kwenye ngazi."

Kioko alifungua mdomo atafsiri, akaufunga. Mikono yote iliyokuwa inasuka ilisimama. Hakuna aliyethubutu kumtazama Shangazi, na kwa kutomtazama tukawa tumemtazama sote. Susu alimgeukia Kioko. "Amesema nini?" aliuliza. Mama akamwambia polepole kwa Kikamba. Susu alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele, na kwa mara ya kwanza kipindi kiliisha bila kura kupigwa.

Haikupita muda, habari zikaja kutoka Kitui. Wazee wa upande wa mumewe Shangazi wangefika Jumamosi ijayo kumchukua mke wao. Nyumba ilibadilika. Susu alianza kusaga unga wa wageni. Ami Mulwa alisema ni jambo la heshima, wazee kusafiri mbali hivyo. Shangazi alifua nguo za mtoto, akazikunja, akazirudisha kwenye sanduku, akazitoa tena. Nililala chumba kimoja naye, na asubuhi mto wake ulikuwa na unyevu. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba kuna mtu anangoja kuambiwa jambo, na mwenye kulisema yuko mlangoni anachonga.

Jumapili iliyotangulia ujio wao, watu walijaa kuliko kawaida. Na mchezo nao, kama uliotumwa, ukatuletea Salimu amekuja na wajomba zake kwa kina Zaina. Wamekaa sebuleni. Wameongea maneno matamu. Zaina amesimama nyuma ya pazia, vidole mdomoni. Baba yake Zaina, mzee wa kanzu, akakohoa. Akasema, "Wageni wangu, mmesema yenu. Sasa nisikilizeni mimi..."

Picha ikasinyaa. Ikawa mstari, ikawa nukta, ikazima. Betri ilikuwa imekwisha.

Vilio vilivyopigwa ungedhani kuna msiba. Kioko alikimbia kutikisa nyaya. Mama Mbithe alisema ni shetani. Ami Mulwa akasema, "Hata bila kuona najua. Amemwambia achukue mzigo wake aende. Mzee gani atakataa wageni?" Mama akasema pengine, pengine. Wote waliongea kwa pamoja.

"Mimi najua alichosema."

Ilikuwa sauti ya Babu. Alikuwa amegeuka. Kiti chake, kilichotupa mgongo miaka yote, kilikuwa kinatutazama, mpini umelala magotini.

"Alisema hivi," Babu akaendelea, macho yake kwenye kile kioo cheusi. "Nilipowapa binti yangu, mkono wake ulikuwa unakunjika. Nilimpa akiwa mzima. Sijamtoa ili avunjwe nirudishiwe vipande, kisha niombwe vipande hivyo tena. Kunyweni chai, mkifika kwenu muwasalimie watu. Huyu nyumba yake iko. Ni hii."

Zaina hakuwa na shida yoyote ya mkono. Kila mtu pale alilijua hilo, hata sisi watoto.

Ami Mulwa alitazama viatu vyake. Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, vikombe kifuani. Akasema kwa sauti ndogo, "Nau, na akiulizwa na watu?" Nau ndivyo tulivyomwita baba.

Babu bado hakumtazama. "Akiulizwa, aseme baba yake ndiye aliyekataa. Baba yake ni mzee, hawatamfanya kitu." Kisha akainama akaendelea kuchonga, kwa nguvu kidogo kuliko mti ulivyohitaji.

Susu aliinuka akampokonya Shangazi vile vikombe. "Kaa chini," alimwambia. "Leo nitaviosha mimi."

Wazee walifika Jumamosi kama walivyosema, wakiwa wamevaa makoti licha ya joto. Walikunywa chai, wakala kuku, wakasema maneno yao matamu. Babu alikohoa, akawaambia yale yale tuliyoyasikia, karibu neno kwa neno, na wakaondoka kabla jua halijakaza. Mambo hayakwisha siku hiyo, ndoa za Wakamba hazivunjiki kwa kikao kimoja. Lakini Shangazi hakurudi. Alijengewa nyumba upande wa juu wa boma, kwenye michungwa, akajifunza kushona kwa cherehani, na sare za shule ya msingi za kizazi kizima pale Kilungu zilipita mikononi mwake. Mtoto aliyekuja mgongoni leo ana watoto wake wanaomsumbua.

Na mchezo? Wiki iliyofuata tulisikia kwa watu wa kijiji cha pili, waliokuwa na betri yenye nguvu, kwamba baba yake Zaina alikubali. Alimfungia binti yake mzigo, akamwombea safari njema. Ni Susu, yule kiongozi wa arudi, aliyetema mate pembeni akasema, "Aliyeandika hiyo hana binti."

Siku hizi mambo yamekuwa mengi. Krismasi iliyopita nyumbani Kilungu umeme ulikuwepo, televisheni ni pana kama mlango wa ghala, imetundikwa ukutani, inajiongelesha yenyewe. Vijana wamejaa sebuleni, kila mmoja na simu yake, vidude masikioni, kila mmoja anacheka wakati wake. Wanamaliza mchezo mzima kwa siku mbili, wiki zote zile za kungoja wanazimeza kama dawa. Nilimuuliza binti yangu, aliyejikunja kwenye kiti, anaangalia nini. Akatoa kidude sikio moja. "Ni series tu, Mum." Yahusu nini? "Ni ya huyu msichana... ni stori ndefu." Na wewe unaonaje, amefanya vizuri? Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya punda. "Iko tu sawa." Akarudisha kidude.

Sikasiriki. Wanaona picha nzuri kuliko zetu, za rangi, na betri haiwaachi njiani. Wanajua Kiswahili cha pwani na Kiingereza cha ng'ambo, hawahitaji Kioko. Ila nikikaa pale kati yao huwa najiuliza jambo moja. Mimi ni binti wa watu wa Kilungu, na kuna mambo ambayo ulimi wangu hauwezi kumwambia mtoto wangu ana kwa ana. Siku akiwa na lake lisilosemeka, ni picha gani tutakuwa tunaiangalia pamoja, ili nipate mahali pa kulisema?