Taa za Juu ya Paa la Mama Mkubwa

Safari hii niliifanya kwa hasira, na naomba nieleweke hivyo tangu mwanzo. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kwa sababu ya video fupi iliyoingia kwenye simu yangu mara tatu kwa siku moja, kutoka kwa ndugu watatu tofauti, kila mmoja ameandika chini yake, "Mungu atusaidie." Ndani ya video kulikuwa na giza, mtoto analia, na juu ya paa la bati ninalolijua vizuri, taa kadhaa zinaelea angani. Paa hilo ni la mama mkubwa Foibe, dada wa marehemu mama yangu. Aliyepiga video alisikika akisema, "Bibi huyo, ndiyo anaondoka hivyo."

Mama mkubwa ni Mkinga wa Tandala, Mlutheri wa kuzaliwa, asiyejua pombe inakaaje mdomoni. Aliolewa na Mbena Mkatoliki katika kijiji kimoja upande wa Njombe, kabla hujafika Mawengi. Kijiji sitakitaja, na mbele utaona kwa nini. Mumewe alifariki, watoto wakahamia mjini, yeye akabaki na ng'ombe wake na nguruwe wake. Tangu video ianze kuzunguka, watu walikuwa wanamwita mchawi na kurusha mawe kwenye bati lake. Mwanawe Aloyce akaamua kwamba Jumamosi anapeleka gari, anamhamishia Njombe mjini, na nyumba inafungwa. Mama mkubwa alishasema hatoki. Sasa ilikuwa Jumatano, na mimi nilitaka kujua kuna nini angani kabla ya gari kufika.

Makambako niliondoka asubuhi, upepo ukiwa umeshaanza vurugu zake za kila siku. Hapo ndipo ninapouza miwani. Kutwa nzima nawasimamisha watu mbele ya ubao wa herufi, na kama kuna jambo kazi hii imenifundisha, ni kwamba mtu asiyeona herufi hasemi "sioni." Anakisia. Tena anakisia kwa sauti kubwa. Duka nilimwachia jirani, nikapanda gari la Njombe nikiwa tayari nimekunja uso.

Njombe nilifikia kwa Aloyce, Mjimwema. Anauza mbegu na mbolea, na ni mtu mwema, lakini siku hiyo alinimaliza. Alinionyesha chumba alichomwandalia mama yake, kitanda kipya, pazia jipya, mpaka ndala mlangoni.

"Kaka," nikamwuliza, "wewe hizo taa umeziona?"

"Si nimekutumia video?"

"Video nimeiona. Nakuuliza wewe, kwa macho yako."

"Dada Subira, mimi nina watoto, nina wateja. Unataka nikasimame barabarani nimtazame mama yangu akipita juu?"

"Mama yako hawezi kupanda hata kigoda, goti linamsumbua. Angani atapandaje?"

Akakuna kichwa. "Lisemwalo lipo," akasema.

Nilikwenda kulala bila kumaliza chakula, na mimi si mtu wa kuacha chakula.

Alhamisi nikashika barabara ya Ludewa. Sehemu ya zege ni nzuri, tairi zinavuma, na milima ya viazi na miti inapita dirishani imelowa. Kando yangu alikaa bwana mmoja aliyevaa koti la suti juu ya sweta. Alipojua ninakokwenda, akanieleza kwa uhakika kwamba zile ni ndege ndogo za watu wanaotafuta madini. Mama wa nyuma yetu akakataa. Alisema ni setilaiti, mdogo wake anafanya kazi Dar es Salaam. Dereva akacheka, akasema sisi wote tumepotea, yule bibi anajulikana. Niliwauliza mmoja mmoja kama wameziona. Hakuna hata mmoja. Wote walikuwa wameambiwa na mtu aliyeziona, na bwana wa koti akamalizia kwa kunikumbusha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikageukia dirisha.

Mama mkubwa nilimkuta anakatakata majani ya nguruwe. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Bati la nyumba yake lilikuwa na mabonde mabonde, na dirisha moja amelizibia kwa gunia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga kamba na wewe?"

"Nimekuja kuona taa."

"Haya. Ukiziona niambie zikoje."

Nikashangaa. "Kwani wewe hujaziona?"

"Nitaziona wapi? Jua likizama nafunga mlango. Baridi hii, na mawe hayo." Akaniwekea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akakaa, akanyoosha goti lake bovu. "Mume wangu amelala hapo nyuma," akasema. "Huko Njombe nitakaa namwangalia nani? Pazia?"

Hapo hasira yangu ikapata mahali pa kukaa.

Jioni ilipoingia, ukungu ukashuka na kumeza kila kitu kilicho juu ya nyumba. Nilitembea mpaka barabarani, kwenye duka la Mama Jeni, maana hapo ndipo wanapokusanyikia watazamaji. Walikuwepo wengi, wamejifunga mablanketi, wengine wamekuja na mahindi ya kuchoma kama watu walioenda mpirani. Na kweli, giza lilipokaza, taa zikatokea. Mimi niliziona, kwa hiyo sasa naweza kusema. Zilikuwa nyeupe, juu kabisa ya paa la mama mkubwa, hazishikwi na kitu. Zilisogea, zikasimama. Zikainama. Zikainuka, zikasogea kidogo, zikainama tena.

Watoto wakapiga kelele. Mimi nikawa najiuliza, mchawi gani huyu anayeinama kila baada ya hatua chache?

Kisha nikageuka kutazama watazamaji. Walikuwa wanawake, watoto, na wasafiri walioteremka kwenye magari. Mwanaume mzima wa kijiji hakuwepo hata wa dawa.

"Mama Jeni," nikasema, "wanaume wako wapi?"

"Wanasali," akajibu upesi. "Rozari. Kwaresma hii wamebadilika, we acha tu."

Akanieleza kwamba Jumatano ya Majivu jumuiya yao yote iliweka ahadi mbele ya padre kutogusa ulanzi, pombe ya mianzi, mpaka Pasaka. Jumuiya nyingine ziliacha sukari au nyama. Wao waliacha ulanzi, wakapigiwa makofi kanisani, na sasa parokia nzima inawataja kama mfano. Mama Jeni alieleza yote hayo akipanga viberiti vilivyokuwa vimeshapangwa, na hakunitazama usoni.

Sasa, anayekaa nyanda hizi anajua jambo moja. Ulanzi hugemwa kwenye machipukizi ya mianzi, nayo hutoa wakati wa mvua tu, yaani Kwaresma yenyewe. Na chipukizi halisubiri ahadi ya mtu. Usipolichonga ncha asubuhi na jioni linakauka, na msimu wako umekwisha. Kuwaahidi watu kuacha ulanzi Kwaresma ni rahisi. Kuuangalia ukikauka ni kazi nyingine. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kwa ghadhabu.

Ijumaa, kulipopambazuka vizuri, nilipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba. Ndiyo, kuna kilima. Kila mtu pale kijijini anajua kuna kilima, ng'ombe wao wanachungwa huko. Giza na ukungu vinakificha, lakini havikiondoi. Na juu yake kuna mianzi ya marehemu baba mkubwa, ambayo mama mkubwa hajaikanyaga tangu tulipomzika mumewe. Nilikuta njia imekanyagwa mpaka inateleza. Machipukizi yote yamechongwa, na kila moja limevishwa mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia. Na katikati, ameinama na kisu mkononi, tochi bado imefungwa kwenye paji la uso, alikuwepo katekista mwenyewe, Mzee Gervas.

"Kamwene," nikasema.

Akashtuka, mbeta ikamwagika. "Kamwene, mama. Kamwene." Akaona hakuna pa kukimbilia. "Tunachonga tu. Hatunywi."

"Na kinachodondoka?"

"Kinamwagwa."

"Kinamwagwa wapi, katekista?"

Pumzi yake ilinuka ulanzi, na hilo ndilo lililokuwa jibu.

Nikamwambia kuhusu mawe, kuhusu gunia la dirishani, kuhusu gari la Jumamosi. Alikuwa anayajua yote. Akaniomba nivumilie. Pasaka haiko mbali, alisema, baada ya hapo watu watasahau. Wakisema sasa, jumuiya itachekwa parokia nzima, na padre alishawataja kama mfano mpaka kwa askofu.

"Kwa hiyo yeye awe mchawi ili ninyi muwe watakatifu?"

"Hatukumwita mchawi sisi. Ni watoto wa barabarani waliopiga video."

"Mlikaa kimya."

"Tulikaa kimya," akakubali.

Niliteremka nikamweleza mama mkubwa. Nilidhani atafurahi, maana nilikuwa nimempa ushahidi wote kwenye sinia. Yeye akauliza tu, "Walijua?"

"Walijua."

"Wote?"

"Wanaume wote. Na wake zao, nadhani, wengi."

Akainuka, akachukua kitenge chake cha kanisani. "Wanasali saa ngapi leo?"

Mchana ule Njia ya Msalaba ilipokwisha, watu walipotoka walimkuta amesimama mlangoni, Mlutheri aliyeishi pale tangu usichana bila kuingia kanisa lao zaidi ya siku ya ndoa na ya msiba. Nilikuwa kando yake, nimeshika mbeta. Watu wakasimama. Hakuna aliyepita.

"Sikuja kusema mengi," akasema. "Nilidhani mnaniogopa. Mtu akiogopa akarusha jiwe, nitamsamehe, ni hofu. Nililala chini ya mawe yale nikiwaombea, nikisema, Bwana, waondolee hofu. Kumbe hamkuniogopa hata kidogo."

Mke wa Mzee Gervas ndiye aliyeanza kulia. Kisha Mama Jeni akajifunika uso kwa kanga. Wanaume walitazama viatu vyao, na katekista, nampa haki yake, akapanda ngazi na kusema mbele ya kila mtu, watoto na wasafiri wakiwemo, kwamba taa zile ni tochi, tochi ni zao, na mianzi ni ya mama huyu. Aliongeza habari za udhaifu wa mwili, nikakohoa kumkatiza.

Jumamosi Aloyce alifika na gari. Mama mkubwa alimpokea, akampa chai, akamwambia gari lake limekuja wakati mzuri, apakie mifuko ya viazi akauze. Yeye haondoki. Aloyce alinitazama kana kwamba nimemfunga bao. Kabla hatujapakia, padre alituma amri yake kupitia katekista. Kuchonga ruhusa, ili mianzi isife. Kunywa marufuku mpaka Pasaka, safari hii kweli. Na kila tone linalodondoka apelekewe mwenye mianzi, afanye atakavyo. Mama mkubwa akasema nguruwe wake hawakuweka ahadi yoyote ya Kwaresma. Akaongeza sharti lake mwenyewe: kila mgema akiteremka jioni apite uani kwake, tochi ikiwaka, na aseme jina lake na kumsalimu.

Nilirudi Makambako Jumapili, upepo ukanipokea kama nilivyouacha. Nilichojifunza ni kidogo na kinaniudhi bado. Nilikwenda nikidhani watu hawaoni vizuri, kwa sababu hayo ndiyo mazoea yangu. Macho yao ni mazima kuliko yangu. Ubaoni mtu anakisia asichokiona. Kule walikuwa wanaficha wanachokiona, na hilo halina miwani.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Video mpya, kutoka kwa ndugu wale wale. Giza, ukungu, taa zikishuka moja moja kutoka angani, safari hii zikiingia moja kwa moja uani kwa mama mkubwa. Chini wameandika, "Sasa zinaingia mpaka ndani! Lisemwalo lipo." Mteja aliyekuwa mbele ya ubao akaniuliza mbona natukana.

Nikampigia mama mkubwa, nimwambie ajiandae kwa mawe mengine.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema, na nyuma yake nikasikia nguruwe wakigombana na sauti ya mwanaume ikitaja jina lake kwa adabu. "Sijaingia ndani bado. Taa ya Gervas haijapita, na njia ya huko juu inateleza."