Simu ya Mkutubi

Mkutubi wa maktaba yetu ndogo ya Kahororo hajazoea kusema "sijui". Husema "tutazame", hufuta kioo cha simu kwa ncha ya kitenge, kisha husogea dirishani ambako mtandao hushika vizuri. Vidole vyake vinene vina gundi ya kubandikia majalada. Akiona kwenye orodha ya vitabu iliyo simuni kwamba kitabu kipo, hulitamka jina lake polepole njia nzima hadi kwenye rafu, kama anayemwamsha mtu.

Juzi alikuja Anatolia, mkulima kutoka Kimwani. Migomba yake ilikuwa inanyauka na jirani alishamshauri ang'oe kibanja chote, shamba zima la migomba. "Nitafutie wewe, waitu, mwenzetu," alisema. "Mimi simu najua kupokea tu." Mkutubi akamwekea simu kiganjani. "Andika mwenyewe, mama. Siku nikiwa sipo utamwuliza nani?" Anatolia akaandika kwa kidole kimoja: migomba inanyauka. Zikaja picha za shina lililokatwa, linatoa utomvu wa njano. "Ndio ugonjwa huu!" akapaza sauti, sote tuliokuwa tukisoma tukageuka. Wakasoma pamoja kwamba hukatwa shina lililougua tu, na panga hupitishwa kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine. Simu ikaonyesha pia kitabu cha ugonjwa huo kilichokuwa rafuni, mkutubi akakileta. "Kumbe kibanja kinapona," Anatolia alisema, akashusha pumzi.

Mkutubi akanyoosha mkono kuchukua simu yake.

"Ngoja kwanza," Anatolia akamjibu bila kuinua macho, "niulize na habari ya kahawa yangu."

Mkutubi akacheka, akavuta kiti, akakaa.