Nanasi Lililoniumbua

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni mara moja mumalize, kwa sababu haya niliyafanya mimi mwenyewe na akili zangu timamu, mtu mzima wa miaka arubaini na mbili, mama wa watoto watatu, fundi wa hina na piko ambaye nusu ya maharusi wa mtaa wetu wa Kuze, hapa Mombasa, wamepita mikononi mwangu. Hata leo nikiwa na haja ya Biashara Street nazunguka njia ya nyuma, maana kuna duka moja la kanga pale bado naona haya kupita mbele yake.

Yote yalianza kwa Maimuna. Maimuna ni shoga yangu tangu chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulipokuwa tukichapwa pamoja kwa kucheka wakati wa kusoma, na nyumba yao na yetu zaangaliana, kichochoro tu katikati. Kwa miaka na miaka desturi yetu ilikuwa moja: tukisha kusali alfajiri yeye huvuka, huja akakaa kwenye kizingiti cha jikoni kwangu, mimi namimina chai, twala mahamri, twasengenya kidogo (Mola atusamehe) mpaka watoto waamke. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu. Si ya mume, si ya watoto, ni yangu na Maimuna.

Mwaka jana mamake akafariki. Arubaini ikapita, nikangoja arudi kizingitini, asirudi. Nilipomuuliza akaniambia kwa upole, "Rehema, asubuhi siku hizi nachora." Nachora! Mtu ambaye chuoni hata alifu ilimtoka imepinda! Kumbe alikuwa amefundishwa na Zarina, Mhindi Muislamu ambaye ukoo wao wauza kanga Biashara Street tangu enzi za babu yake, kwamba ukisha kusali na kuleta nyiradi zako wakaa kimya robo saa na daftari, washika kalamu, wauacha mkono uende utakako bila kupanga chochote, kisha watazama kilichotoka na kujiuliza moyo wako leo uko wapi. Ati kila siku hivyo hivyo, na moyo watulia. Mimi nikasema, moyo utulizwe na kalamu na mimi nipo hapa na chai ya tangawizi?

Basi niliona wivu, na sioni haya kulisema. Wivu ule wa kukuamsha mapema. Nilikuwa nasimama dirishani naitazama taa ya Maimuna, najua yuko na daftari lake, na chai yangu yapoa. Na kilichoniuma zaidi si daftari, ni Zarina. Kila neno sasa ni Zarina. "Zarina asema usifute." "Zarina asema hakuna mchoro mbaya." Nikatoka mimi nikaenda duka jingine kabisa pale pale Biashara Street, nikanunua kanga yenye jina kali, nimvalie huyo Zarina tukikutana, aisome, ajijue. (Wanawake wa Mombasa mwanielewa, kuna maneno mdomo hausemi, kanga yasema.) Lakini sikupata ujasiri wa kuivaa. Nikaikunja nikaitia kabatini, bado na wanga wake wa dukani.

Sasa, Jumamosi asubuhi walikuwa wakikusanyika wanawake saba ukumbini kwa Maimuna, ghorofani, wachore pamoja. Nikajikaribisha. Nikasema, nitawaonyesha hawa, mimi kuchora ndio kazi yangu! Tukakaa chini kwenye mkeka, tukafumba macho, tukaambiwa mkono uende. Wangu ukaenda palepale unapokwenda siku zote: ua, jani, kikonyo, ua, jani, kikonyo, kama mguu wa bi harusi. Maimuna alichora mstari mmoja, na juu ya mstari viduara viwili, na juu ya kila kiduara vijinywele vinapanda. Mimi nikaona vitunguu viwili vilivyoota. Nikakaribia kucheka. Lakini Zarina alikitazama kile kikaratasi muda mrefu, akamuuliza, "Kila siku chaja hiki hiki?" Maimuna akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, na Zarina akamshika mkono. Yeye! Mkono wa Maimuna wangu! Kisha akanigeukia mimi na tabasamu lake. "Dada Rehema, mkono wako ni hodari, lakini umezoea kazi. Uache upumzike."

Nikarudi nyumbani nimevimba. Mkono wangu upumzike? Hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu: Jumamosi ijayo nitakwenda na mchoro uliokwisha kuwa tayari. Ijumaa baada ya laasiri nikaitoa ile kanga mpya kabatini, nikaitandaza kwenye meza ya kioo, nikawasha tochi ya simu chini yake, nikaweka karatasi juu, nikafuatisha kwa penseli nyepesi mno. Katikati nanasi kubwa, pembeni korosho zilizopinda, kila moja na nukta tatu tumboni. Maandishi nikayaacha. Nikajiambia, kanga bila jina ni maua tu, nani atajua? Halafu nikanogewa, nikafuatisha na kanga nyingine mbili za zamani, nijiwekee akiba ya Jumamosi mbili zijazo. (Ndiyo. Niliweka akiba ya utulivu wa roho.)

Jumamosi ikafika. Nimevaa buibui jipya, nimejifukiza udi, nakaa mbele kabisa. Tukafumba macho, yaani wao walifumba, mimi nikalikodoa moja, nikapita na kalamu juu ya penseli yangu, taratibu, huku nahema kwa nguvu ili wasikie jinsi ninavyozama. Robo saa ikaisha. Nikainua karatasi.

"Mashallah!" akasema Bi Mwanasha, bibi mmoja jirani yetu ambaye huwa hasifu hata pilau. Wote wakaja. Maimuna akanitazama kwa macho ambayo sikuyaona tangu msiba, na mimi hapo ningenyamaza, wallahi ningenyamaza tu nikashukuru, hadithi ingeishia hapo. Lakini sifa nazo! Akaniuliza, "Rehema, ulihisi nini?" Nikaanza. Nikasema nilimuona marehemu bibi yangu amebeba nanasi, na nanasi ndiyo riziki, na korosho ndizo dhiki zilizotuzunguka, na zile nukta tatu ni wanangu watatu. Nikajifuta jicho. Wawili wakalia kweli.

Zarina yeye hakulia. Akavaa miwani. Akaisogeza karatasi, akaigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye korosho kama wapitishavyo wauzaji wakikuonyesha pindo halijakwenda upande. Simlaumu, kwa sababu naamini hakukusudia ubaya, ulimi wa dukani ndio uliomtoka: "Hii ni kanga. Tunayo. Yauzika sana ya rangi ya samawati."

"Si kanga," nikasema, "ni mkono wangu!"

"Basi Subhanallah, mkono wako umeacha hata nafasi ya jina." Na kweli! Chini ya nanasi nilikuwa nimefuatisha kile kisanduku kirefu, kitupu, bila kufikiri.

"Nanasi na korosho za nukta tatu," akasema Bi Mwanasha, amekunja uso akikumbuka. "Hiyo si ninayo nyumbani? Aliniletea mkaza mwanangu. Jina lake si lile... *Hasidi hana sababu!*"

Lo! Huyo hasidi niliyemnunulia kanga aje aisome, kumbe wa kusomewa ni mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia kichwa mbele. Nikalivuta daftari nilifunge, na ile akiba yangu ikamwagika mkekani, karatasi mbili, penseli yake bado haijapitiwa wino. Bi Mwanasha akaiokota ya kwanza, akaiweka mbali na macho. "Hii ni *Japo sipati tamaa sikati.*" Ya pili hawakuhitaji hata kufikiri, wakaitikia wote kwa pamoja kama watoto wa chuoni: "*Sisi sote abiria, dereva ni Mungu!*" Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Mmoja alilala kabisa kwenye mto. Na Maimuna alikuwa anacheka, akicheka na bega lake liko kwenye bega la Zarina, na nilipoliona bega hilo akili ikaniruka.

Nikasimama. "Chekeni! Chekeni sana! Nyinyi mumeninyang'anya mtu wangu, sasa mwanicheka! Miaka yote namimina chai mimi, kuja Zarina na kalamu ya shilingi ishirini ndio mimi si kitu! Mimi ndiye shoga yake! Mimi!" Nilisema hayo, kwa sauti ambayo nina hakika hata muuza mbaazi chini alisikia. Hakuna aliyecheka tena, na hapo ndipo nilipotamani wacheke. Nikashuka ngazi mbio, nikatia miguu kwenye viatu vilivyokuwa mlangoni, na nilipofika jikoni kwangu nikatazama chini: mguu wa kulia ndara yangu nyeusi, wa kushoto kiatu cha dhahabu cha Zarina chenye shanga.

Sikutoka siku hiyo. Sikupika. Mume wangu aliuliza mara moja, akaniona uso, akaenda kununua viazi vya karai.

Asubuhi ya pili yake, nimesha kusali, nimekaa peke yangu, mlango wa jikoni ukabishwa. "Hodi. Sabalkheri." Maimuna, mkono mmoja ndara yangu, mkono mmoja daftari lake. Akakaa kizingitini, mahali pake. Nikamimina chai vikombe viwili, nikaviweka hapo kizingitini.

"Rehema, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba nalionea wivu daftari?"

Hakucheka. Akasema, "Mama alipofariki, sikuweza kuja kuzungumza. Ningefungua mdomo tu ningelia, na nikilia nawe walia, nani angemnyamazisha mwenzake? Nilitaka pahali pa kunyamaza." Akalifungua daftari akanipa. Ukurasa baada ya ukurasa, mstari mmoja, viduara viwili, vijinywele vinapanda. "Zarina huniuliza ni nini. Mimi mwenyewe sijui. Mkono waenda huko tu."

Nikatazama. Kisha nikatazama chini, kwenye kizingiti, vikombe viwili vimekaa pale, mvuke wapanda. Nikaviashiria kwa kidole. Maimuna akaviangalia, akaliangalia daftari, akaviangalia tena. Tukalia pale mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Sasa twachora pamoja, pale pale kizingitini, robo saa kabla ya mahamri. Michoro yangu ni mibaya, hata mwanangu mdogo huionea huruma, na kufuatisha, wallahi, sirudii mpaka nife. Kiatu cha dhahabu nilikirudisha na sahani ya mahamri na maneno ya radhi, na Zarina alinikumbatia, jambo lililonikera kidogo. Maana nisiwadanganye kwamba wivu umekwisha. Jumamosi iliyopita, kule ukumbini, Zarina alimnong'oneza Maimuna neno, Maimuna akacheka, nami nikasikia kitu kinanichoma hapa kifuani. Nikafumba macho, yote mawili safari hii, nikauacha mkono uende. Nilipofumbua nikakuta nimechora kiatu chenye shanga, kimoja tu. Nikamuonyesha Zarina mwenyewe, kabla sijapata nafasi ya kukificha.