Makedonia ya Ng'ambo ya Momba

Dada yangu alinipigia simu mwezi wa tano, nikiwa Tunduma nasubiri mzigo wa mahindi uvuke mpaka. Aliniambia kitongoji chetu kinataka kubadilishwa jina, na kwamba mimi ndiye wa kulizuia jambo hilo. Kitongoji chenyewe kiko bondeni, upande wa Kamsamba, ng'ambo ya mto Momba, na kinaitwa Makedonia. Babu yetu ndiye aliyekipa jina. Ofisi ya kijiji ilitaka kusimamisha kibao barabarani, vijana wakasema kabla rangi haijapakwa litafutwe jina la Kinamwanga, lugha ya kwetu, ambalo mtu akilisikia anaelewa.

"Babu alikulea wewe," dada alisema. "Njoo uwaeleze."

Nilikwenda kwa shingo upande. Nimeishi Mbeya, Dar es Salaam, Kapiri Mposhi, Lubumbashi, kote huko miaka miwili mitatu, kisha situlii. Nikiwa mbali nalikumbuka bonde lile mpaka harufu ya mpunga uliolowa. Nikifika, siku ya pili tu nataka kuondoka. Lakini safari hii kilichonitia uzito kilikuwa kingine. Habari ambayo dada alitaka niwaeleze, mimi niliijua kwa namna mbili.

Ya kanisani kila mtu anaijua. Babu, mwinjilisti aliyeshuka kutoka milimani na sanduku la dawa, aliwasikia watu wa ng'ambo wakiita, watoto wao wana surua. Mto ulikuwa umejaa. Akaingia kwenye mtumbwi, akavuka, akawatibu. Baadaye akapaita mahali pale Makedonia, kwa kumkumbuka mtume yule aliyeona katika maono mtu wa Makedonia amesimama, anamsihi avuke aende kuwasaidia.

Ya pili babu aliniambia mwenyewe nikiwa kidato cha pili, tuko wawili tu shambani tunapalilia. Hakuvuka siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Mtumbwi ulikuwepo, umefungwa pale pale kwenye kisiki, lakini hakujua kuogelea. Alikaa upande wake akimtazama mwanamke mmoja aliyeita mpaka sauti ikamkauka, kisha akawa anaita kwa mikono. Siku ya nne maji yaliposhuka ndipo akavuka, akakuta vijikaburi ambavyo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Kimoja kilikuwa cha mtoto wa mwanamke yule. Alikuwa mjane, na miaka kadhaa baadaye ndiye akawa bibi yetu. Nilikumbuka hapo kwamba sijawahi kumsikia bibi akilitamka jina la Makedonia. Alisema "kwetu", basi. Babu aliendelea kupalilia. Hakuniambia niifiche habari hiyo, wala nisiifiche.

Mkutano ulifanyika darasani, madirisha yote wazi, na bado tulilowa jasho. Mwenyekiti alimpa nafasi kwanza mchungaji, kijana mgeni aliyesoma Kigiriki chuoni. Alisema Makedonia ni jina la Kigiriki cha kale na linatokana na neno lenye maana ya urefu. Wengine wanasema watu wa nchi ile walikuwa warefu, wengine wanasema waliitwa hivyo kwa sababu waliishi nyanda za juu.

Darasa zima lilicheka. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliyekuwa mbele ya wote waliotaka jina libadilishwe, alisimama akauliza ni nani mrefu humu, na hizo nyanda za juu ziko wapi, wakati bondeni kwetu hata kuku analala kivulini mpaka jua lipungue. "Hilo wapelekeeni watu wa Ileje kule milimani," alisema.

Zamu yangu ilipofika nilianza kwa kusema mukwai, neno la heshima, kwa mazoea ya Zambia, na mtu mmoja nyuma akasema sasa Mzambia amekuja kutufundisha Kigiriki. Nikacheka nao. Nikasimulia sanduku la dawa, surua, mto uliojaa. Nilipofika kwenye mtumbwi, mwenye mashine alinyoosha mkono.

"Kaka, samahani. Momba ukijaa hivyo, mtumbwi unavukaje? Sisi tumezaliwa hapa."

Hakunidhihaki. Aliuliza kama mtu anayeujua mto. Nilimtazama dada, ameketi na kina mama wa kanisa, mikono mapajani.

"Hakuvuka," nikasema. "Alisubiri maji yapungue."

Nikawaeleza yaliyobaki. Dada alisimama, nikajua leo nitaumbuliwa mbele za watu.

"Bibi aliniambia hayo nikiwa msichana," alisema. "Nyie mnadhani jina ni la babu. Makedonia siye aliyevuka, ni yule aliyesimama anaita. Hilo jina ni la bibi yangu na wenzake waliozika watoto hapa. Mkilifuta, hawana lingine."

Mwenyekiti aliomba mikono. Jina lilibaki, kwa mikono mingi ya wanawake. Mwenye mashine hakunyoosha upande wowote.

Jioni, dada akipepeta mchele uani, nilimuuliza kwa nini aliniita kama habari yote alikuwa nayo.

"Nilitaka kuona kama utakuja."

Akaendelea kupepeta. Kisha, bila kupandisha sauti, alinikumbusha mwaka mama alipougua. Alinipigia Kapiri Mposhi mara nyingi, nikamjibu kwamba mvua zimeharibu barabara, nitakuja ikikauka. Nilifika siku ya tatu ya matanga.

"Barabara ilikuwa mbovu kweli?" aliuliza.

Nilimwambia sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana. Magari yalikuwa yanapita kila siku, mimi ndiye niliyeogopa kumkuta mama katika hali ile. Nadhani dada aliliona hilo usoni mwangu, maana alichukua ungo wake akaingia ndani, na asubuhi nilipoondoka aliniaga mlangoni tu.

Kibao kimeshasimama. Dada alinitumia picha yake, herufi nyeusi juu ya bati jeupe, bila neno lolote, na sijamjibu. Hapa Tunduma watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nawaambia Kamsamba. Wengi hawaulizi zaidi.