Acha Bobine Ishtuke Kidogo

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pampu ya maji ya maternite, hospitali ya wazazi ya mtaa wetu hapa Manika, ilipokataa kuzimika. Tangi lilikuwa limejaa, maji yanateremka ukutani, na kisanduku nilichokitengeneza kilikuwa kimekwisha kutoa amri ya kuzima. Mama Ngoie, mkuu wa wakunga, ndiye aliyekata umeme kwa mkono kwenye swichi kubwa. Kisha akanipigia simu: "Masengo, kuya kamata kitu yako, ukatengeneze."

Sijafika umri wa kuitwa mzee. Lakini wewe unayejifunza kwenye meza yangu unaniita mama, basi acha nikuambie yaliyonipata nilipokuwa na umri kama wako.

Ufundi huu nilijifunza peke yangu, kwa kufungua mashine zilizokufa na kusoma kwenye simu. Mtu aliyejifunza hivyo ana hofu yake ya pekee: anafikiri wenzake wote waliwahi kuambiwa jambo moja kubwa, na siku hiyo yeye hakuwepo. Hofu hiyo ninayo hata leo.

Kisanduku chenyewe kilikuwa rahisi. Kilipoona tangi limepungua, transista ilipitisha umeme wa betri za sola kwenye bobine, waya uliosukwa ndani ya relei, na relei, swichi inayovutwa na sumaku, ikawasha pampu. Relei niliitoa kwenye mashine kuukuu ya mgodi, kama tunavyofanya wengi hapa Kolwezi. Tabu ni kwamba bobine haipendi kukatiwa umeme ghafla. Umeme uliokuwa ndani yake hutafuta njia kwa nguvu, na volti ishirini na nne za betri huruka zikawa mamia kwa kufumba na kufumbua. Transista zangu za kwanza zilikufa hivyo. Nikaweka diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na bobine, umeme ule ukapata pa kuzunguka, mruko ukaisha kabisa. Nilifurahi mno. Kumbe nilikuwa nimeua na wepesi wa relei. Umeme ulizunguka mle taratibu, sumaku ikachelewa kuachia, na pointi zake, vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, zikawa zinaachana kwa uvivu huku cheche ikiziyeyusha. Asubuhi ile ziligandana.

Nilimpelekea shida yangu jirani, Tata Banza, aliyezeeka akisuka upya bobine za mota.

"Unataka nini, mutoto wangu?"

"Nataka isiruke hata kidogo, tata."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hata weye ukiamushwa gafula, unaruka. Achia bobine ishituke kidogo. Uliza tu transista yako inavumilia kiasi gani. Hiyo mi siwezi kukuambia, mi najua mota tu."

Nikarudi mezani. Bobine ilivuta robo ampea. Nikiweka rezistansi, kizuizi cha umeme, ya omu mia na hamsini kwenye njia ya diodi, mruko ungefika volti kama thelathini na saba. Jumlisha na ishirini na nne za betri, transista ingeona sitini na kidogo, nayo ilivumilia mia. Nafasi ilibaki. Umeme ungekwisha upesi ndani ya rezistansi, na relei ingeachia upesi. Nikasafisha pointi, nikaunganisha.

Hesabu ilikuwa sawa, mwanangu, lakini sikukipeleka kisanduku. Nilitaka kwanza kuuona mruko wenyewe kwenye mashine inayochora umbo la umeme, na mashine hiyo sikuwa nayo, wala sikumjua wa kuniazima. Nikaanza kujiuliza kama rezistansi itapata moto, kama jua kali litaharibu hesabu. Nikachomoa waya zilizoshika vizuri, nikazichomelea tena. Na wakati huo wote pampu ilikaa kimya, ndugu za wazazi wanabeba maji ya kuzalia kwa mabido, yale madumu ya plastiki, kichwani.

Mama Ngoie akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Kisanduku iko wapi?"

"Bado, mama. Sijahakikisha."

"Iko na ubaya gani?"

"Ubaya siuoni. Naogopa labda kuko kitu sijue."

"Nani anajua yote? Mi nazalisha banamama, na kila mara naogopa. Ningengoja woga iishe, batoto bangezaliwa mu njia."

"Na pointi zikigandana tena?"

"Nitasimama kwa swichi, mukono juu. Weye sikiliza relei yako. Ao unafikiri hii kazi ni ya weye peke yako? Umekuwa Mungu lini?"

Lilikuwa neno kali, nikachukua kisanduku. Tukaenda pamoja. Kinamama walikuwa wamejipanga uani na mabido yao, wakinitazama nikifunga skrubu. Pampu ikawaka. Nilipotoa amri ya kuzima, relei ililia mara moja, sauti kavu, ta, na pampu ikanyamaza.

"Tena," akasema Mama Ngoie, mkono bado uko kwenye swichi.

Tukarudia mpaka nikachoka kuogopa. Nikafungua relei, pointi zilikuwa safi.

Bibi mmoja aliyekuwa amefika na bido limejaa akauliza, "Sasa hii nimebeba bure?"

"Enda uoge nayo," Mama Ngoie akamjibu, na ua wote ukacheka.

Mwanangu, ukiunda njia ya kutuliza mruko, usiulize utaufuta vipi. Uliza kifaa chako kinavumilia kiasi gani, acha nafasi ya kutosha, kisha ipe bobine ruhusa ya kuachia haraka. Chagua rezistansi inayostahimili joto lake. Na kama bobine inakula umeme wa nyumbani, ule unaogeuka-geuka, diodi usiiweke kabisa. Huko tumia rezistansi na kondensa, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo, iliyotengenezwa kwa umeme huo.

Na wewe mwenyewe ujifanyie vivyo hivyo. Kagua unachoweza kukagua. Kile usichoweza, kipeleke kikajaribiwe mbele ya watu, na mmoja wao awe tayari kukata umeme. Usikifungie nyumbani ukingoja moyo utulie, maana moyo wa watu kama sisi hutulia baada ya kazi, si kabla yake.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe kazi inayowafaa watu, ujasiri wa kuikabidhi, na usingizi mzuri ukishaikabidhi.