Msiba wa Mwandishi wa Gazeti

Nilimwambia mama kwa simu kwamba Jumamosi tutamkumbuka mwandishi wa gazeti, Mmarekani Mweusi, mwanamke wa kwanza hapa mjini Louisville kuandika waziwazi jinsi watu wake walivyopigwa na kunyimwa nyumba. Alishafariki, nikaongeza. Mama akalishika hilo la mwisho.

Basi siku hiyo alitoka mtaa wa South End na wanawake wawili wa kanisani, wote wafanyakazi wa ghala moja, wamejifunga vitenge, wamebeba mkeka na sufuria ya maharage. Viti vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya marehemu. Wao wakatandika mkeka pembeni, wakakaa, miguu wameinyoosha, kama wanavyokaa wanawake msibani kule Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi tulikoishi.

Nilijifanya ninasoma karatasi yangu. Mimi, mwandishi chipukizi, nilikuwa nimepewa dakika tatu za kumsifu marehemu, na kwa wiki tatu nilikuwa nikizikata na kuzishona sentensi zile. Waandishi ninaowaheshimu walikuwa wametoka miji ya mbali, Columbus na Buffalo. Mwaka ule sikutaka kitu kingine kama nilivyotaka wanisikie.

"Mama, huu si msiba," nilimnong'oneza. "Wanazindua kibao chenye jina lake."

"Amekufa, hajafa?"

"Amekufa. Zamani, sijazaliwa."

"Ndugu zake wako wapi?"

Nikamwonyesha bibi mmoja aliyekaa peke yake mwisho wa safu. Alikuwa mpwa wa marehemu, aliyelelewa naye katika nyumba ile. Kwenye ratiba hakuwamo.

"Umeshampa pole?"

Nikatikisa kichwa. Mmoja wa wale wanawake akacheka. "Huyu amesoma mpaka adabu imemtoka! Unataka kumsema marehemu wa watu, na mfiwa hujampa mkono?"

Mama alishainuka. Alimfikia bibi, akamshika mikono yote miwili. "Mwambie pole sana. Mwambie tumechelewa, lakini tumekuja."

Nilitafsiri kwa Kiingereza, nikiogopa atatucheka. Bibi hakucheka. Alimtazama mama, kisha akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani ili mama akae.

"Muulize marehemu aliuguaje," mama akasema.

Kwetu mfiwa huulizwa hivyo na kila anayeingia, naye husimulia upya, hata mara ishirini. Asiposimulia, msiba humkaa kifuani.

Bibi akasimulia. Kilianza kikohozi, lakini shangazi alikataa kwenda hospitali kwa sababu gazeti la wiki ile lilikuwa halijatoka. Wakati huo alikuwa akiandikia jikoni. Zamani meza ilikuwa sebuleni, dirishani, mpaka watu waliochukizwa na maandishi yake walipoanza kurusha mawe. Shangazi alipenda kuandika miguu peku, kwa hiyo asubuhi bibi, wakati huo msichana mdogo, alifagia vipande vya vioo kwanza.

"Hakuhama?" mama akauliza.

"Alihamisha meza tu."

Mama akapiga kofi pajani, akacheka, na bibi akacheka naye. Nikaitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimemwita marehemu mwenge, nikamwita jabali. Humo kwenye karatasi, miguu hakuwa nayo.

Jina langu likaitwa. Kutoka pale hadi kwenye kipaza sauti zilikuwa hatua chache, na katika hatua zote nilikuwa bado nataka kusoma. Nikawaona wale wa Columbus na wale wa Buffalo, kalamu mkononi, wananisubiri. Nikasema kwamba mfiwa yupo hapa, na hakuna aliyemuuliza kitu. Kisha nikakichomoa kipaza sauti, nikampelekea bibi, kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kusimama.

Alianza polepole, kwa kile kikohozi cha shangazi na gazeti ambalo halikuwa limetoka. Dakika tatu zikaisha simulizi ikiwa bado jikoni. Mwendesha sherehe akasimama, akagusa saa yake. Mama, asiyejua Kiingereza, alimtazama tu, jinsi anavyotazamwa msibani mtu aliyeinuka huku mfiwa akiwa bado anasema.

Yule bwana akakaa.