Mgomba wa nyamilembe na wifi aliyeuiba

Muleba. Saa moja na nusu asubuhi. Umande bado unadondoka kutoka kwenye majani ya migomba, na Leonida Kokuhirwa (61) amesimama chini ya mkungu mmoja, panga mkononi, uso ameuelekeza juu. Hakati.

Panga ameshalipitisha motoni mara mbili. Mkungu wenyewe una chane saba, ndizi zake fupi, zimenenepa mpaka kingo zimepotea. Umekomaa, hilo halina ubishi. Wanawake sita wa kijiji cha Kabushara wameketi juu ya nyasi za matandazo, wanatafuna kahawa na kumngoja.

"Kata basi, Ma Leonida, tukapike!" anapaza sauti mmoja wao.

"Sikati mpaka mwizi wake afike," anajibu, na wote wanaangua kicheko.

Mwizi anayesemwa ni wifi yake, Paskazia, dada wa marehemu mumewe. Anaishi hatua mia moja kutoka hapo, upande wa chini wa kibanja hichohicho, shamba la migomba la familia. Kijiji kizima kinajua alichoiba na lini alikiiba, na hakuna anayetaka ashitakiwe.

Mkungu huu ni wa ndizi inayoitwa nyamilembe. Kwa kadiri Leonida anavyojua, na ametembea vijiji vingi akiitafuta, mgomba ulio mbele yake ndio pekee uliobaki. Kama ndizi zake zikikatwa zikaonekana nyeupe ndani, nyamilembe ipo. Zikiwa na vitone vya rangi ya kahawia na ukakasi, basi imegeuka embiile, ndizi ya pombe, na aina aliyopewa na mama mkwe wake itakuwa imekwisha duniani.

"Usiku kucha nimeomba rozari," anasema. "Nimemwambia Bikira Maria, wewe nawe ulikuwa na jiko, unanielewa."

Leonida ni muuza machipukizi ya migomba. Mche mmoja anauuza shilingi elfu moja na mia tano kando ya barabara, na mvua zikiwa nzuri huuza hata sitini kwa mwezi. Fedha hizo ndizo zilizoezeka nyumba yake kwa bati na kumsomesha ualimu bintiye wa mwisho. Watu humfuata pia awatambulie mimea, kwa kuwa machipukizi yakiwa madogo yote hufanana, na wauzaji wengine si waaminifu.

Yeye haangalii mara mbili. Hugusa shina, hugeuza jani, husema jina.

"Hii ni enchoncho, shina lina madoa meusi. Ile embwailuma, mkungu wake mzito, usipouwekea nguzo unaanguka na mama yake," anaeleza akipita kati ya migomba, panga likining'inia. "Enshakala haina makuu, hata udongo umechoka yenyewe inazaa. Gonja inataka uvumilivu kama mume mlevi. Na zile ndefu pale ni za mradi wa kilimo. Mkungu unabebwa na wanaume wawili, ukipika unakula huku unafikiria chakula kingine."

Wahaya husemwa kwa majivuno, na mwandishi wa habari hizi, naye akiwa Mhaya, hana la kujitetea. Lakini mbele ya aina kumi na tisa za migomba katika kibanja kimoja, majivuno ya Leonida yana haki yake.

Nyamilembe ilikuwa juu ya zote. Alipoolewa hapa miaka thelathini na tisa iliyopita, mama mkwe wake, Ma Eufrasia, alimpa machipukizi matatu na onyo moja: mkungu unaweza kuuza, mche wake hauuzwi, unatolewa.

Ni mgomba mfupi, mshipa wa jani lake una wekundu kwa chini. Ndizi zake huiva jikoni kabla ya maharage. Lakini sifa iliyowatoa watu mate ni kwamba zikipoa hazigandi. Kiporo chake asubuhi ni laini kama kilivyokuwa jioni, na mtu anayekula kiporo cha ndizi nyingine anajua anatafuna nini.

"Mimi nilishika nusu ya onyo," anasema Leonida. "Sikuuza. Lakini na kutoa sikutoa."

Aliyeomba kwanza alikuwa Paskazia. Ndoa yake Karagwe ilikuwa imevunjika, amerudi kwao na sanduku kichwani, akakatiwa sehemu ya chini ya kibanja. Akaenda kwa wifi yake kuomba chipukizi moja tu la nyamilembe aanze maisha.

Kwa bahati mbaya, Paskazia ndiye aliyesema siku ya harusi ya Leonida, mbele ya wageni, kwamba ndizi za bibi harusi zinaogelea. Maji mengi, chumvi haba. Leonida hakusahau.

"Nikamwambia machipukizi bado madogo. Mwaka uliofuata nikamwambia bado madogo. Miaka saba, waitu jamani, machipukizi hayakui!" Anacheka mpaka anashika mgomba. Kisha kicheko kinaisha. "Nilikuwa mbaya. Lazima niseme."

Halafu ukaja mnyauko, ugonjwa wa migomba unaosafiri kwenye makali ya panga lisilopitishwa motoni. Ni miaka kumi na minne sasa. Kulikuwa na msiba kijiji cha pili, na kama ilivyo desturi, kila nyumba ilipeleka mikungu na mapanga ya kusaidia kazi. Mapanga yalichanganyika, yakakata na kumenya kwa siku nne. Panga la Leonida liliporudi, alilisuuza kwa maji, akaenda moja kwa moja kupunguza majani ya migomba yake.

Alianza na nyamilembe, kwa sababu kipenzi huhudumiwa kwanza.

Majani yalianza kuwa ya njano kabla miezi miwili haijaisha. Alipokata shina, utomvu wa njano ulitoka. Mashina yote kumi na manne ya nyamilembe yalikwenda msimu huo, na aliyang'oa na kuyafukia mwenyewe. Migomba mingine iliyopata ugonjwa ilikuwa michache, maana panga lilikuwa limemaliza sumu yake kwa vipenzi.

"Nililia kuliko nilivyomlilia mume wangu. Na yeye nilimpenda," anasema bila kuona haya. "Nikazunguka kuomba mche. Wakaniuliza, Ma Leonida, wewe ulimpa nani? Nikarudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa nao kwa sababu mimi sikumpa mtu."

Hivyo ndivyo alivyoamini kwa zaidi ya miaka kumi na miwili.

Saa mbili kasoro dakika chache, Paskazia (68) anatokea kati ya migomba, gomesi yake ya kanisani imenyooka, fimbo mkononi.

"Nyinyi mmeamka mapema hivi, kuna msiba?" anauliza.

"Tunakungoja wewe, mwizi!" Leonida anamjibu.

"Mwizi aliyelala vizuri. Wenye mali ndio wana macho mekundu."

Anaketishwa, anapewa kahawa ya kutafuna, na bila kuombwa sana anasimulia. Ilikuwa Pasaka, miaka ishirini iliyopita, Leonida akiwa misani. Paskazia aliingia na jembe, akang'oa chipukizi, akalifunga kwenye kitenge na kulibeba mgongoni kama mtoto mchanga.

"Njiani nikakutana na katekista. Akaniuliza, huyo mjukuu? Nikasema ndiyo, amelala, usimwamshe. Akambariki!" Wanawake wanapiga makofi. "Mgomba wangu ulibatizwa, wa kwenu bado."

Aliupanda nyuma ya choo, katikati ya embiile, mahali ambapo hakuna mgeni angekwenda kutazama. Mkungu ukikomaa alikata mwenyewe, akapika mlango umefungwa, akala peke yake. Hakupeleka hata chane moja kwenye harusi wala msiba, kwa kuwa Leonida angeitambua kwa jicho moja.

Na hapo ndipo wizi ulipogeuka hifadhi. Kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna panga la mtu lililougusa. Mnyauko ulipopita kijijini, uliipita nyamilembe ya nyuma ya choo.

"Nilimsikia wifi analia," anasema Paskazia, na sauti yake inashuka. "Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Wizi angenisamehe. Kula peke yangu nimefunga mlango, hilo je? Niliona aibu. Aibu ni mzigo, usione watu wanatembea nao."

Mwaka juzi mnyauko ulirudi, safari hii ukisambazwa na wadudu wanaoingia kwenye ua la mgomba. Dawa yake ni kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda mara chane zinapomaliza kutoka, bila kutumia kisu. Magoti ya Paskazia hayakumruhusu tena kunyoosha mikono juu. Shamba la jirani yake lilipoanza kunyauka, alichukua jembe, akang'oa chipukizi, akajitwika kichwani mchana kweupe na kupandisha nalo mpaka kwa wifi yake.

"Akasema, 'Wifi, nimekuletea mali yako. Ilikuwa kwangu,'" Leonida anakumbuka. "Nikatazama ule mshipa mwekundu wa jani. Mawe, mama yangu! Nikaketi chini. Siku mbili sikusema naye. Ya tatu nikampelekea samaki."

Paskazia alimwambia na lingine. Mkungu wake wa mwisho ulikuwa na ukakasi na vitone. Migomba hii hufanya hivyo mara nyingine, anaeleza bwana shamba wa kata, Novatus Kaijage, aliyefika na daftari lake: shina moja hugeuka kuwa la pombe, lakini sura yake kwa nje haibadiliki hata kidogo. Kama chipukizi lililopandwa kwa Leonida limetoka upande uliogeuka au upande mzima, hakuna jicho la kulijibu hilo. Hata la Leonida.

Miezi minne baadaye, migomba yote ya nyuma ya choo ilinyauka.

"Haya, tuache hotuba," anasema Leonida. "Wifi, shika chini."

Mkungu wa kwanza hauruhusiwi kugusa ardhi. Paskazia anaweka fimbo kando na kusimama, mabega wazi. Novatus anataka kusaidia. "Kaa na daftari lako," anaambiwa. Leonida anachanja shina taratibu, mgomba unainama, na mkungu unashuka juu ya bega la aliyeuiba. Anayumba kidogo lakini hauachii.

Leonida anachomoa ndizi moja, anaikata katikati kwa kisu kidogo. Anatazama muda mrefu kiasi kwamba wanawake wanaacha kutafuna.

Nyeupe.

Anakata nyingine kutoka chane ya katikati. Nyeupe. Ya tatu, kutoka chane ya mwisho kabisa, anampa wifi yake aikate mwenyewe. Paskazia anaikata, anaramba upande mmoja, anafumba macho.

"Ni yenyewe," anasema. Kisha analia, na Leonida naye, na hapo hakuna anayewatania.

Lakini watu wa hapa hawaamini mpaka sufuria iseme. Ndizi zinamenywa, zinapikwa na maharage na dagaa, na kweli zinaiva maharage yakiwa bado yanaruka. Sahani moja inawekwa kando ipoe. Saa nane mchana Leonida anaibonyeza kwa kidole. Kidole kinazama. Sahani inazungushwa, kila mmoja anakula kipande kilichopoa, na kwa dakika nzima hakuna Mhaya hata mmoja anayeongea, jambo ambalo si la kawaida.

"Ni tamu," anakiri Paskazia akijifuta mdomo. "Ila maji umezidisha. Zinaogelea."

"Ukome!" anasema Leonida, akicheka machozi yakimtoka tena.

Kwenye shina lililokatwa yamebaki machipukizi matano. Leonida anayatazama kama mtu anayegawa urithi. Anataka baada ya miaka mitatu kila nyumba ya Kabushara iwe na nyamilembe, bila senti, hata nyumba ambazo hasalimiani nazo.

"Hasa hizo," anasema. "Rafiki nikimpa atakuja kuniuliza ale lini. Adui ataupanda afiche, na kilichofichwa ndicho kilichoniokoa mimi."

La kwanza anataka kumpa wifi yake leo, mbele ya mashahidi. Ananyoosha mkono kuchukua jembe. Paskazia anatikisa kichwa.

"Mimi wa kupewa? Kwa uzee huu nianze tabia mpya?"

Leonida anamtazama. Anatabasamu, analipitisha jembe motoni, upande mmoja na wa pili, na kuliegemeza palepale shinani.

"Haya. Jumapili nakwenda misa ya kwanza," anatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nyumbani hakutakuwa na mtu."

Paskazia anaokota fimbo yake na kuanza kuteremka kuelekea kwake. Anapofika kwenye mpaka wa kibanja anageuka.

"Misa ya kwanza ni fupi, wifi," anasema. "Nenda ya pili."